Treni ya mgodi haina ratiba: kupiga picha injini za mvuke za Tuzla

Injini za mvuke za kutembeza watalii ziko nyingi duniani. Zinazofanya kazi ya kweli, yaani kuvuta makaa, miwa au magogo kwa sababu mwenye mali anataka mzigo wake ufike, zimebaki mahali pachache sana. Kisiwani Java viwanda vya sukari vimezima karibu zote, na miwa inapanda malori. China, ambako kiwanda cha Datong kiliunda injini kubwa za mvuke hadi 1988 na cha Tangshan kikaendelea na ndogo za viwandani hadi 1999, migodi imezigeuza chuma chakavu moja baada ya nyingine. Ulaya, anayeitafuta kazi hiyo huenda bonde la Tuzla, kaskazini-mashariki mwa Bosnia na Herzegovina. Huko migodi ya makaa ya mawe ya Kreka na Banovići imezishikilia injini hizi kwa miongo mingi baada ya reli za taifa kuziacha.

Wengi wanaorudi kutoka Tuzla bila picha hawakuangushwa na kamera. Wameangushwa na mawazo ya abiria: wanauliza treni inapita saa ngapi. Treni ya mgodi haina saa. Hutembea pale mambo manne yanapokutana: makaa yamechimbwa, mabehewa matupu yapo, anayepokea mzigo ana nafasi, na injini ina mvuke. Likikosekana moja, utasimama kando ya reli kutwa nzima na lenzi yako ya gharama. Kwa hiyo jifunze kwanza mwendo wa makaa, picha itafuata.

Chukua mfano wa Šikulje, karibu na mji wa Lukavac, magharibi mwa Tuzla. Makaa huchimbwa kwenye shimo la wazi na kupakiwa kwenye mabehewa mgodini. Injini ya mgodi huyapeleka Lukavac kwenye njia za kukabidhiana, na hapo injini ya dizeli ya reli ya taifa huyachukua kuelekea kituo cha umeme cha Tuzla. Matupu hurudi kwa njia hiyo hiyo. Ukilijua hilo, kituo chako cha kwanza kila asubuhi si kilimani penye mandhari nzuri. Ni pale kwenye njia za kukabidhiana. Ukikuta mabehewa matupu yamepangwa yanasubiri, injini ya mgodi itakuja kuyachukua, na huenda ikaja na yaliyojaa. Ukikuta yaliyojaa tu, hakuna tupu hata moja, basi reli ya taifa imechelewa. Mgodi utamaliza matupu uliyobaki nayo kisha utasimama. Ukikuta njia zote ziko wazi, geuza gari uende upande wa mgodini ukaone kama mtambo wa kupakia unazunguka. Nusu saa ya ukaguzi huo huokoa siku.

Jumapili na sikukuu usitegemee kitu, na Bosnia ina sikukuu za Waislamu, Waorthodoksi na Wakatoliki, ukiongeza za serikali. Wakati wa kubadilishana zamu pia kila kitu hutulia kwa muda mrefu kuliko unavyodhani, kwa hiyo uliza saa za zamu siku ya kwanza. Hapa kuna mtego kwa sisi tuliozoea saa ya Kiswahili: mwenyeji akikuambia saba anamaanisha saa moja yetu asubuhi. Andika kila miadi kwa tarakimu, 07:00 au 13:00, umwonyeshe athibitishe.

Halafu kuna kuosha boila, lile tangi la kuchemshia maji. Maji ya kawaida huacha magadi na matope ndani ya boila, na baada ya siku kadhaa za kazi lazima izimwe, ipoe polepole, ifunguliwe na kusukutwa. Ikipozwa haraka, mabomba hulegea na bamba hupasuka, ndiyo maana mafundi hawakubali kuharakishwa. Kuwasha upya injini kubwa iliyopoa kabisa nako ni kazi ya saa nyingi, mara nyingi usiku mzima. Mgodi ukiwa na injini moja tu iliyo nzima wiki hiyo, kuosha kunamaanisha dizeli au hakuna treni. Swali la kumuuliza mwenyeji kabla ya kukata tiketi, basi, si kama mvuke bado upo. Muulize ni injini ngapi ziko hai wiki hii, ipi ina zamu, na ipi inasubiri kuoshwa. Jibu la mwezi uliopita halina thamani.

Ukiwa uwanjani, moshi hukupa taarifa kabla ya mtu yeyote. Moshi mweusi mzito kutoka injini iliyosimama ni makaa mapya yamerushwa kwenye tanuri. Mchochea moto anajiandaa kuondoka. Mvuke mweupe unaofyatuka juu ya boila kwa kishindo ni vali za usalama zimefunguka: presha imefika juu, injini iko tayari au imecheleweshwa. Kijivu chepesi kikitoka kwa mapigo ni injini inavuta vizuri. Na injini ikianza kuondoka, dereva hufungua vali za kutoa maji kwenye silinda, kwa sababu maji hayabanwi, na yakibaki ndani yanaweza kung'oa kifuniko cha silinda. Wingu jeupe hulipuka chini pande zote mbili na kufunika magurudumu kwa makumi ya mita. Wageni hupenda kusimama hapo hapo inapoanzia, kisha wanashangaa picha zote ni ukungu. Sogea mita 100 au 150 mbele, au simama upande ambao upepo unatoka.

Sasa injini zenyewe. Ile kubwa, aina ya 33 kwa hesabu ya reli ya Yugoslavia, ni injini ya vita ya Kijerumani aina ya 52. Zaidi ya 6,000 zilitengenezwa kuanzia 1942, zikirahisishwa ili kuokoa chuma na saa za kazi, na chumba cha dereva kikazibwa pande zote kwa ajili ya baridi ya Urusi. Ina ekseli moja ndogo mbele na tano zilizounganishwa kwa fimbo. Tenda yake, lile behewa la nyuma lenye tumbo la mviringo, hubeba maji mita za ujazo 30 na makaa tani 10, na urefu wa vyote ni karibu mita 23. Ya pili ni aina ya 62, injini fupi yenye matangi ya maji ubavuni na ekseli tatu tu. Mchoro wake ni wa jeshi la Marekani wa 1942. Baada ya vita Yugoslavia ilinunua zaidi ya mia moja, kisha ikaunda nyingine yenyewe Slavonski Brod miaka ya 1950. Hii ndiyo ya kupanga mabehewa mgodini, na kwa maoni yangu ndiyo ngumu zaidi kupiga: haitoki mbele ya majengo, nyaya na mabehewa, na ikikaa sehemu nzuri hukaa sekunde chache.

Vipimo hivyo vina maana kwa mpiga picha. Magurudumu ya 33 yana kipenyo cha milimita 1,400 tu, fimbo ziko chini, na majani ya magoti yanatosha kuzificha. Ndiyo maana wazoefu hubeba mkasi wa bustani na kufyeka kipande cha mita kumi kabla treni haijaja. Fanya hivyo kwa ruhusa, na si kwenye shamba la mtu.

Mzunguko mmoja wa gurudumu la milimita 1,400 ni karibu mita 4.4. Treni ikienda kilomita 30 kwa saa, yaani mita 8.3 kwa sekunde, gurudumu linazunguka karibu mara mbili kila sekunde. Picha inayosifiwa ni ile ambayo fimbo zimeshuka chini kabisa. Zikiwa juu, injini huonekana kama imejikunja. Kamera ya picha 10 kwa sekunde itakupa takriban tano kwa kila mzunguko, na moja itakuwa karibu na chini. Kamera ya picha tano itakupa mbili au tatu, na bahati inaingia. Hapo tumia masikio: injini ya silinda mbili hupiga pumzi nne kwa kila mzunguko. Sikiliza mdundo kabla haijakufikia, hesabu moja mpaka nne, na uanze kubonyeza kwa mdundo badala ya kumimina picha ovyo na kukuta kamera imejaa wakati injini iko mbele yako.

Kwa kasi hiyo, 1/500 ya sekunde huacha treni isogee sentimita 1.7, na kwa picha ya robo tatu, yaani pua na ubavu pamoja, kutoka mbali inatosha. Ikiwa inapita ubavu kwa ubavu karibu nawe, panda 1/1000. Ukitaka kufuata treni kwa kuzungusha kiwiliwili ili nyuma pafutike, shuka 1/40, na utegemee kupoteza picha tisa kwa kila kumi. Hilo ni jambo la kawaida.

Mwangaza ndio unaoharibu picha nyingi kuliko yote. Injini ni nyeusi, imepakwa masizi na mafuta. Mvuke ni mweupe kuliko wingu. Baridi ikiwapo, theluji inaongezeka. Kamera ikiona weusi mwingi itafungua mwangaza, na mvuke utageuka bamba jeupe lisilo na umbo ambalo hakuna programu italirudisha. Pima kwa mvuke, usipime kwa injini. Weka mwangaza kwa mkono, piga kwa faili ghafi (RAW), na uache weusi uwe mzito. Ubavu wa injini unaweza kuuinua baadaye, mvuke uliochomeka huwezi. Kabla injini haijaja piga theluji au ukuta mweupe unaopigwa na jua, angalia grafu ya mwangaza, uache nafasi kidogo upande wa kulia, kisha usiguse tena.

Jua la huko halifanani na letu. Dar es Salaam na Mombasa tunakimbia jua la mchana kwa sababu linasimama utosini. Tuzla iko karibu nyuzi 44.5 kaskazini: mwishoni mwa Desemba jua la adhuhuri halivuki nyuzi 22 hivi juu ya upeo, mchana wote ni kama saa tisa pungufu kidogo, na mwanga wa pembeni unaoingia hadi kwenye magurudumu upo kutwa nzima. Kwa injini nyeusi hiyo ni neema. Juni jua hufika nyuzi 69 na adhuhuri inakuwa haifai, lakini una zaidi ya saa 15 za mwanga. Kwa sehemu kubwa ya siku jua liko kusini, hivyo upande wa kusini wa reli ndio wa kusimama, na njia inayokwenda mashariki na magharibi ina manufaa kuliko inayopanda kaskazini. Fungua ramani ya setilaiti nyumbani, chora njia, tia alama kila mahali ambapo upande wa kusini una nafasi na hauna mti.

Mvuke unaonekana vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10. Wakati wa kiangazi huyeyuka mara tu unapotoka kwenye bomba na injini huonekana kama imezimwa. Januari na Februari zina mvuke mkubwa kuliko miezi yote. Zina na adha yake: bonde la Tuzla linajulikana kwa hewa chafu ya majira ya baridi, hewa baridi hukaa chini na moshi wa makaa ya majumbani hubanwa ndani yake, na ukungu unaweza kukaa mpaka adhuhuri au siku nzima. Ukitaka kauli yangu, mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba ni bora: asubuhi ni baridi, miti imegeuka rangi, na kuna nafasi nzuri zaidi ya kuliona jua.

Kuhusu usalama nitakaa kidogo, kwa sababu reli ya viwandani ina hatari ambayo mtu aliyezoea reli ya abiria haijui. Mabehewa husukumwa. Injini inaweza kuwa nyuma ya mabehewa kumi na tano, unaisikia mbali na unajiona salama, kumbe behewa la mbele, lisilo na taa wala sauti, liko mita ishirini kutoka mgongoni kwako. Usipige picha ukiwa ndani ya reli hata njia ikionekana imekufa kwa kutu. Kaa mita tatu au zaidi kutoka reli ya karibu, kwa sababu mabehewa yaliyojazwa kupita kiasi hudondosha mabonge ya makaa, na mlango wa pembeni ambao haukufungwa vizuri hujitokeza nje. Usikanyage reli, kanyaga kokoto. Reli yenye barafu au mafuta huteleza kama sabuni. Majivu yaliyomwagwa kando ya karakana yanaweza kuwa mekundu chini hata kama juu ni kijivu.

Kisha kuna mabomu ya ardhini. Vita vya 1992 hadi 1995 viliacha mabomu katika maeneo mengi ya Bosnia, na mkoa wa Tuzla umo. Alama ni kibao chekundu chenye fuvu jeupe na neno MINE. Lakini kukosekana kwa kibao si ushahidi wa usalama: mafuriko na maporomoko ya Mei 2014 yalihamisha udongo, vibao na mabomu yenyewe. Kanuni ya wenyeji ni fupi: lami, njia inayokanyagwa kila siku, shamba linalolimwa. Kile kilima kizuri chenye vichaka kinachotazama reli, ambacho hakuna mbuzi wala mkulima anayekigusa, kiache. Ipo programu ya simu ya ramani za maeneo yanayoshukiwa. Ipakue kabla ya kusafiri, na bado muulize mzee wa mtaa.

Ruhusa. Barabara ya umma na kivuko cha reli ni vyako. Uwanja wa mgodi, karakana na sehemu ya kupakia ni vya kampuni. Andika barua kwa uongozi wa mgodi wiki nne hadi sita kabla, kwa Kibosnia kama unaweza kupata mtafsiri, yenye majina kama yalivyo kwenye pasipoti, namba za pasipoti, tarehe, sehemu unazotaka kuingia, na sentensi moja kwamba unabeba dhamana ya usalama wako na una bima. Chapisha nakala tano. Mlinzi wa getini hasomi simu yako. Anataka karatasi yenye muhuri, na zamu ya pili haijui ulichokubaliana na zamu ya kwanza. Vaa fulana ya kuakisi mwanga na viatu vilivyofunika vidole, ubebe helmeti yako, maana wakikosa ya kukuazima hutaingia. Kuna ada ya kutembelea. Ilipie ofisini upewe risiti. Droni iache nyumbani: mgodi, kituo cha umeme na njia ya ndege za uwanja wa Tuzla viko karibu karibu, na ruhusa zake ni safari nyingine kabisa ya ofisi kwa ofisi.

Kwa anayetoka Afrika Mashariki, njia rahisi ni kupitia Istanbul mpaka Sarajevo, kisha kilomita kama 120 za barabara ya milimani kwenda Tuzla. Hesabu saa mbili na nusu, theluji ikianguka tatu au zaidi. Bosnia haimo katika Umoja wa Ulaya wala eneo la Schengen. Ukiunganisha ndege Vienna au Zagreb na ukatoka nje ya uwanja, utahitaji viza ya Schengen. Kupitia Istanbul kunaepusha hilo. Maombi ya viza ya Bosnia anza miezi mitatu kabla, ukiambatanisha barua ya mgodi. Inaeleza safari yako vizuri kuliko neno utalii. Hoteli hukuandikisha polisi yenyewe, lakini ukipanga chumba kwa mtu binafsi mkumbushe afanye hivyo mara unapofika. Wanaoishi Ulaya kwa kibali cha ukaazi wanaweza kuwa na utaratibu tofauti. Waulize ubalozi kwa maandishi.

Kabla ya kuondoka uwanja wa ndege wa Dar es Salaam (JNIA) au Nairobi (JKIA), wapitishie watu wa forodha orodha ya vifaa yenye namba za kila kamera na lenzi ili wagonge muhuri, usije ukarudi ukadaiwa ushuru kwa kamera uliyoondoka nayo. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye begi la chini ya ndege. Zibebe mkononi, ncha zimefunikwa kwa utepe. Sarafu ni marka, imefungwa kwa euro moja kwa 1.95583. Beba noti ndogo ndogo, maana kwenye maduka ya vijijini kadi haisaidii.

Baridi huua betri na miguu kwanza. Kwenye nyuzi tano chini ya sifuri, betri iliyojaa inaweza kuonyesha nusu baada ya saa moja. Weka mbili mfuko wa ndani wa shati na uzibadilishe kwa zamu, ile iliyolala itafufuka ikipata joto. Viatu viwe namba moja zaidi ili soksi mbili ziingie bila kubana, kwani kiatu kinachobana kinazuia damu na unaganda haraka zaidi. Ukirudi ndani, usifungue begi. Kamera iliyopoa ikiingia kwenye mkahawa wenye joto hutoa jasho nje na ndani ya lenzi. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ukiwa bado nje, iache imefungwa saa moja au mbili. Toa kadi kabla ya kufunga kama unataka kutazama picha jioni. Na usibadilishe lenzi mahali makaa yanapopakiwa: vumbi lake ni gumu na linakwaruza. Beba miili miwili ya kamera, mmoja na lenzi ya milimita 24–70, mwingine na ya 70–200, uiache hivyo kutwa. Futa kioo kwa pampu ya hewa kwanza, kitambaa baadaye.

Ndani ya chumba cha injini, ukikaribishwa, subiri mlango wa tanuri ufunguliwe. Mwanga wake peke yake, ISO 3200, 1/60, lenzi ya milimita 20 au 24, hutosha kwa uso wa mchochea moto. Usiwashe flashi kamwe. Mtu huyo anatazama geji ya maji, na kumpofusha kwa sekunde mbili ni hatari kwenu wote. Panda na ushuke unapoambiwa, bila kushika bomba lolote usilolijua, kwa sababu nusu yake yana mvuke.

Mambo mengi huamuliwa kwenye kahawa. Mafundi watakukaribisha kwenye chumba chao cha mapumziko, kahawa nzito italetwa kwenye finjani isiyo na mkono kama zile za wauza kahawa wa Mombasa, na hapo ndipo utaambiwa kwamba injini ya kesho imebadilishwa. Usikatae wala usiangalie saa. Pakiti ya kahawa ya Kilimanjaro au Kenya ni zawadi inayozungumzwa muda mrefu. Pesa mkononi kwa dereva ili atoe moshi mweusi ni jambo ambalo vikundi vya wageni wamelizoesha, na mimi silipendi: moshi huo ni makaa yasiyoungua, unaziba mabomba ya boila, unachafua nguo zilizoanikwa na majirani, na picha zake zote zinafanana. Injini inayopanda mlima na mzigo kamili hutoa moshi wake bila kuombwa.

Siku Lukavac ikilala, Banovići iko kusini, chini ya saa moja kwa gari. Huko kuna njia nyembamba ya milimita 760, kipimo kile kile cha mtandao mkubwa wa Bosnia wa enzi za Austria na Hungaria, na injini za aina ya 83, ekseli nne zilizounganishwa na moja ndogo nyuma. Mchoro wa aina hii ni wa mwanzo wa karne ya 20, lakini ziliendelea kuundwa hadi miaka ya mwisho ya 1940. Kazi ya kila siku sasa ni ya dizeli. Mvuke mara nyingi huwashwa kwa makubaliano na malipo, hivyo panga mapema na kikundi ili mgawane gharama. Reli ya njia pana kutoka Brčko hadi Banovići ilijengwa 1946 na vijana wa kujitolea, mradi wa kwanza mkubwa wa aina hiyo Yugoslavia, na bado inabeba makaa. Pale mzigo wa njia nyembamba na njia pana unapokutana, Oskova, picha moja inaweza kuonyesha vipimo viwili vya reli.

Asiyewahi kusimama karibu na injini ya mvuke aanze na Makumbusho ya Reli Nairobi. Ile injini kubwa ya aina ya Garratt, namba 5918, Mount Gelai, haitakupa moshi, lakini utajifunza kupima mwangaza wa chuma cha rangi nzito kwenye jua, kutofautisha silinda, fimbo na vali, na kuona jinsi lenzi pana inavyopotosha pua ya injini ukisogea karibu mno.

Mwisho, kumbukumbu. Kwa kila treni andika namba ya injini, tarehe, saa, mahali, uelekeo, idadi ya mabehewa na kama injini ilikuwa mbele au nyuma. Namba iliyopakwa kwenye chumba cha dereva haitoshi. Injini za vita zimebadilishana boila, tenda na fimbo kwa zaidi ya miaka 70, na fundi akikosa kipuri hukitoa kwenye injini iliyokufa nyuma ya karakana. Mara nyingi namba ya injini hugongwa kwenye chuma cha fimbo zenyewe, kwa tarakimu ndogo. Futa mafuta kwa kitambaa injini ikiwa imesimama na dereva akijua uko hapo, piga picha ya karibu ya kila fimbo, ya kibao cha boila na ya kibao cha tenda. Usishangae ukikuta namba tatu tofauti kwenye injini moja. Ziandike zote tatu.